Programu Gani ya Kuchorea Nembo ya Tovuti Yako?

Kama una duka Nyasho hapa Musoma, nyumba ya wageni Butiama au kambi ya watalii jirani na lango la Ndabaka huko Bunda, na umeamua kufungua tovuti, fundi wa tovuti atakuuliza hata kabla hamjapatana bei: "Nembo ipo?" Wengi hujibu ipo. Kisha hutoa simu, wakapekua katikati ya picha za harusi na za msiba mpaka waikute: kijipicha kilichotumwa WhatsApp mwaka juzi na kijana ambaye sasa namba yake haipatikani.

Sicheki mtu. Mimi mwenyewe, nikiwa mgeni kwenye kazi hii, nilimtengenezea mteja nembo kwa programu ya kusafishia picha, pikseli 300 kwa 300. Kwenye tovuti ilikaa vizuri, tukapongezana. Miezi miwili baadaye akaipeleka ikatengenezewe bango la upana wa mita 3, likasimamishwa kando ya barabara Bunda. Piga hesabu: mita 3 ni sentimita 300. Zigawe kwa pikseli 300, kila pikseli inakuwa mraba wa sentimita moja. Nilipita pale nikiwa kwenye basi la Mwanza nikaona herufi zimekuwa ngazi, na lile duara tulilolisifia limekuwa ukuta wa matofali. Abiria wa jirani akasoma bango kwa sauti. Nikajifanya nimelala.

Mkono wangu haukuwa na kosa siku ile. Nilikosea programu. Programu za michoro zimegawanyika makundi mawili, na ukilielewa hilo nusu ya maswali yako yamekwisha. Kundi la kwanza, lenye Photoshop, GIMP na nyingi za kwenye simu, huhifadhi mchoro kama vitone vya rangi. Idadi ya vitone ni ileile milele. Ukiukuza mchoro unakuza vitone tu. Kundi la pili ni la vekta. Hilo huhifadhi maelekezo: anzia hapa, pinda hivi, funga, jaza rangi hii. Ukitaka nembo ya ukubwa wa kifungo au ya ukuta mzima, kompyuta inayafuata maelekezo upya na mstari unatoka laini. Picha ya mnyama Serengeti ni kazi ya kundi la kwanza. Nembo ni kazi ya kundi la pili, na sijaona sababu ya kubishana juu ya hilo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza programu gani ni nzuri, uliza itakuachia faili gani mkononi. Unalolitaka ni SVG. Ni aina ya faili la vekta iliyopitishwa rasmi mwaka 2001 na W3C, jumuiya inayosimamia kanuni za wavuti, na kila kivinjari cha siku hizi kinaisoma. Ndani yake ni maandishi matupu. Lifungue kwa Notepad utaona namba na alama. Nembo rahisi ya SVG huwa na kilobaiti chache tu, na mteja mwenye mtandao wa kusuasua huko visiwani ataiona kabla picha zako nyingine hazijafunguka.

Lakini usiwashe kompyuta bado.

Mama mmoja anayenunua dagaa kwenye mwalo wa Mwigobero, Musoma, na kuwasafirisha Arusha na Dar es Salaam, alinijia na kijipicha cha aina niliyoisema. Alitaka nembo ya tovuti, ya vifungashio na ya mtumbwi wake. Nilipomsogezea karatasi na kalamu alikunja uso. "Mwanangu, nimekuja kwa fundi wa kompyuta, wewe unanipa karatasi?" Nikamwomba radhi, nikamwambia anitajie tu anachotaka kionekane, mimi nitachora. Akataja ziwa, samaki, mgunga, jua linalozama na ramani ya Afrika.

Mgunga na jua linalozama ni ugonjwa wa mkoa wetu. Kwa sababu tuko mlangoni pa Serengeti, kila anayebeba mgeni anavichora hivyo viwili, na ukizipanga nembo kumi mezani hutajua ipi ni ya nani. Nikamuuliza, "Mama, hao dagaa wanapatikanaje?" Hapo ndipo alipochangamka. Akanieleza usiku wa giza, mitumbwi inavyotoka na taa, dagaa wanavyoufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanalala nyumbani maana taa haina nguvu. Ukisimama ufukweni, akasema, zile taa zimejipanga ziwani utadhani kuna mji. Nikachora samaki mmoja mwembamba, jicho lake duara kubwa kupita kiasi: taa. Vingine vyote tukavikata kwa mstari. Akaitazama karatasi kwa muda, akauliza, "Na Afrika?" Nikamwambia Afrika itajijua yenyewe.

Karatasi ikishakubaliwa ndipo unachagua programu.

Kwa mtu wa Musoma mwenye kompyuta ya kawaida, pengine ya mtumba, na bando la kuhesabu, ninampa Inkscape kila mara. Ni ya bure na halali, inaendelezwa na wanaojitolea tangu mwaka 2003, na inakubali Windows, Linux na Mac. Ukishaipakua hata kwa mtandao wa rafiki, haikuombi tena intaneti. Kubwa zaidi, SVG ndiyo lugha yake ya kuzaliwa. Ubaya wake ni kwamba sura yake inatisha siku ya kwanza, vitufe vimejaa kila upande, na kwenye mashine dhaifu hufunguka taratibu. Vumilia wiki moja.

Nikuoneshe nilivyomchora yule dagaa. Nilipiga picha ile karatasi dirishani mchana, nikaiingiza kwenye Inkscape, nikaififisha na kuifunga isisogee. Juu yake nikachora kwa kalamu, ambayo unaipata kwa kubonyeza herufi B. Programu inacho kifaa cha kufuatisha mchoro yenyewe, na kila mwanafunzi wangu hukikimbilia. Shida yake ni kwamba kinafuata hata mtetemo wa mkono na vumbi la karatasi: samaki anatoka na nukta mamia, na mstari wake unatetemeka kama mwenye homa. Samaki wangu alikaa kwenye nukta 11. Nukta zikiwa chache mstari unatulia, na kila baada ya kuchora jiulize nukta ipi inaweza kuondoka bila mtu kugundua.

Jicho nililichora kama duara juu ya mwili, nikavichagua vyote viwili, nikabonyeza Ctrl na alama ya kutoa. Duara likatoboa mwili. Tofauti ya tundu halisi na duara jeupe utaiona baadaye: tundu linaonesha chochote kilicho nyuma yake, iwe bluu ya tovuti au mbao za mtumbwi, wakati duara jeupe linabaki jeupe hata pasipotakiwa.

Maandishi yana mitego yake. Chagua fonti yenye leseni huria, zipo nyingi nzuri, kisha ijaribu kwa jina lako kamili. Kwa sisi wa Kiswahili mtihani ni ile ng'. Kuna fonti ambazo alama yake ya ritifaa inasimama peke yake kama inzi aliyetua, na jina lenye ng'ombe au mng'aro linaonekana limepasuka katikati. Isogeze kwa mkono, au chagua fonti nyingine. Ukiridhika, hifadhi nakala moja yenye maandishi yanayoharirika, kisha kwenye nakala ya pili yageuze maandishi kuwa michoro kwa Ctrl, Shift na C. Usipoyageuza, kompyuta isiyo na fonti yako itaweka yoyote inayoipata, na utashangaa nembo imebadilika ikiwa safarini.

Kisha hatua ambayo imenitia aibu zaidi ya mara moja: chagua mchoro wote, bonyeza Ctrl, Shift na R ili ukurasa ubane mchoro. Ukisahau, faili linabeba karatasi nzima ya A4 yenye samaki katikati, na kwenye tovuti nembo inatokea ndogo kama sisimizi huku fundi akilaumu msimbo wake. Hifadhi faili la Inkscape la kufanyia marekebisho, na hifadhi jingine la SVG ya kawaida kwa ajili ya tovuti.

CorelDRAW ni habari nyingine. Ilitoka Kanada mwaka 1989, na wapiga chapa wengi wa kwetu, wale wa mabango, fulana na stika, ndiyo wanayoijua. Kama kazi zako nyingi zitaishia kwa mpiga chapa, una sababu ya kujifunza, hasa kwa sababu ya rangi: Inkscape inafikiri kwa rangi za skrini, wakati mashine ya kuchapa inachanganya wino, na bluu inayong'aa kwenye kompyuta hupoa ikifika kwenye karatasi. Lakini ni programu ya kulipia. Nakala zinazozunguka kwenye flashi, zilizokrakiwa, zinakuja na virusi, na ukiwa nayo huwezi kumwambia mteja kazi yako ni halali. Tena faili lililohifadhiwa kwa toleo jipya halifunguki kwenye toleo la zamani, na steshenari nyingi ziko kwenye la zamani. Hata kama hutumii CorelDRAW, mpelekee mpiga chapa PDF ambayo maandishi yake umeshayageuza, ataifungua.

Illustrator, iliyozaliwa 1987, ndiyo mfalme wa kazi hii katika kampuni kubwa. Inalipiwa kwa mwezi au mwaka, kwa kadi, na ukiacha kulipa inafunga mlango huku mafaili yako yakiwa ndani. Kwa nembo moja ni kama kukodi lori kubeba kilo mbili za sato. Affinity nayo, ambayo Canva waliinunua 2024, tangu Oktoba 2025 inatolewa bure kwa mwenye akaunti, na ni nzuri kweli. Angalia tu kama mashine yako inaiweza.

Nimeitaja Canva, na najua ndiyo uliyokuwa unaisubiri. Imetoka Australia mwaka 2013, iko kwenye simu ya kila kijana, na kwa tangazo la Idd, la mechi au la punguzo la bei naitumia mwenyewe. Kwa nembo ina kasoro tatu. Mlango wa bure haukupi SVG. Unapata picha ya vitone. Mlango huohuo haukuruhusu kuondoa weupe wa nyuma, kwa hiyo nembo inakaa kwenye tovuti yako ya kijani kama kiraka cheupe kwenye kaptula. Ya tatu ndiyo nzito: violezo vyake viko wazi kwa watu wote duniani, na masharti yao wenyewe yanakataza kusajili kiolezo au michoro ya maktaba yao kama alama yako ya biashara. Ukianza na ukurasa mtupu, ukatumia maumbo ya kawaida na maandishi tu, hiyo ni nafuu.

Akili bandia zinazochora kwa kuamriwa zina tatizo la kwanza lilelile: nyingi zinakupa vitone, na mara nyingine herufi zinachanganywa. Zitumie kutafutia wazo, kisha chora mwenyewe.

Na kama huna kompyuta? PixelLab na ndugu zake wa Android ni sawa kwa kujaribia rangi, ila zinakupa vitone. Ningekushauri uchore vizuri kwenye karatasi, ulipie saa mbili kwenye kompyuta ya steshenari, au umlipe fundi mwenye vekta. Katika makubaliano yenu iandikwe kwamba utakabidhiwa SVG, PDF na PNG isiyo na weupe nyuma. Fundi anayekwambia "nitakutumia JPG inatosha" mshukuru, uondoke.

Sasa tovuti yenyewe. Nembo haikai juu ya ukurasa peke yake. Kuna ile alama ndogo kwenye kichupo cha kivinjari, ambayo inaweza kuwa pikseli 16 kwa 16. Huko jina lote linakufa. Nilipomshusha dagaa wetu kufikia 16 mkia ulitoweka, akabaki kama punje ya mchele. Ikabidi nichore nakala ya pili kwa ajili ya udogo huo: mkia mnene, mwili mfupi, jicho limekuzwa, maandishi hakuna. Nakala hiyohiyo niliitoa kwa pikseli 512 kwa sababu WordPress huomba ukubwa huo kwa alama ya tovuti, na 180 kwa ajili ya simu za iPhone. WordPress hiyohiyo kwa kawaida inakataa kupokea SVG, kwa kuwa faili la maandishi linaweza kufichiwa msimbo wa hila. Fundi akikwambia imegoma, si kwamba faili lako bovu. Ama aiingize kwenye msimbo wa ukurasa, ama aweke kiongezo kinachosafisha SVG. Akishindwa vyote, mpe PNG yenye upana mara mbili ya itakavyoonekana.

Usimtumie kama picha ya WhatsApp, maana WhatsApp huibana. Tuma kama hati.

Kuhusu haki: kusajili jina la biashara hakusajili nembo. Nembo inasajiliwa BRELA kama alama ya biashara au huduma, chini ya sheria ya mwaka 1986, kwa daraja la bidhaa unayouza. Usajili wa kwanza ni wa miaka 7, kisha unauhuisha kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina usajili wake. Usiguse bendera wala Ngao ya Taifa. Na ukiwa Butiama, mita chache kutoka kwenye makumbusho ya Mwalimu, utashawishika kuchora sura yake au fimbo yake. Yaache. Hayo si ya duka la mtu.

Weka pia karatasi ya kwanza, yenye tarehe. Mzee Francis Ngosha alipofariki Muhimbili Mei 2017, nchi nzima ilikuwa ikibishana kama ndiye hasa aliyeichora Ngao ya Taifa, na majina ya wachoraji wengine yalitajwa pia. Kama kwa ngao ya nchi watu wanaweza kubishana hivyo, sembuse samaki wa Mwigobero. Ile karatasi ya mama nimeipiga picha na kuihifadhi pamoja na mafaili, nakala moja kwenye flashi yake, nyingine kwenye barua pepe yake.

Mtumbwi ulikuwa wa mwisho. Mchoraji wa mwaloni alitaka kiolezo cha kukata kwenye boksi gumu, apulizie rangi. Hapo ndipo utajua kama nembo yako imesimama, maana rangi ni moja na hakuna pa kujificha. Neno DAGAA lina herufi nne zenye kisiwa ndani, ile D na A tatu. Ukikata boksi visiwa vyote vinadondoka mchangani, na jicho la samaki linafuata. Nikarudi kwenye Inkscape nikaweka vidaraja vyembamba vya kuvishikilia, dakika ishirini, nikachapa upya.

Akapuliza ubavu wa kushoto, ukatoka safi, mama akapiga vigelegele. Alipohamia ubavu wa kulia akashusha boksi. "Fundi, huku samaki wako anaangalia nyuma. Mtumbwi unakwenda, yeye anarudi." Nikachukua kompyuta, nikamchagua samaki peke yake bila maandishi, nikabonyeza herufi H. Akageuka.